Vifungo Vilivyogoma Shiling

Mimi sinunui mashine kwa kuonyeshwa. Muuza mashine yeyote wa Shiling, ule mji wa mikoba huko Guangzhou, Uchina, atakuonyesha mashine yake ikifanya kazi kwa vifungo vyake mwenyewe, vipya, vilivyong'arishwa, na itakwenda. Itakosaje kwenda? Mimi hubeba vifungo vyangu kutoka Mombasa, ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikavimimina kwenye bakuli la mashine mbele ya macho ya bosi, halafu nikakunja mikono nikangoja. Wako wanaoona huo ni ujeuri. Na waone.

Nyumbani tuna karakana ndogo ya mikoba, uani kwa mama. Tunashona mikoba ya shule, mikoba ya kina mama, na vipochi vya kutia simu. Karibu kila mkoba wetu una kifuniko, na kila kifuniko hufungwa kwa kifungo cha chuma cha kubonyeza, kile kinacholia "ta" ukikibana. Kifungo kile hakishonwi, hupigiliwa. Kofia yake unaiweka upande mmoja wa ngozi na kikombe chake upande wa pili, kisha unavuta mkono wa chuma kwa nguvu mpaka viumane. Aliyekuwa akiuvuta mkono ule tangu mimi ni mtoto wa shule ni mama yangu. Mikoba iliyotoka kwetu, yote, ilipita mbele ya kifua chake.

Sasa viungo vya vidole vya mama vimevimba. Kuvuta ule mkono wa chuma ni shida, lakini shida kubwa zaidi ni kuokota. Kofia ya kifungo ni ndogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho, na inataka kuokotwa kwa ncha za vidole, igeuzwe, ikae sawa. Daktari alimwambia aache. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akarudi kwenye benchi. Kisha alasiri moja nikamwona anaangusha kofia, anainama kuitafuta, anaipata, anaiangusha tena. Alipoona kwamba namtazama, aliweka mikono mapajani.

"Siku nitakayoshindwa kupiga kifungo," akasema, "nipeleke Malindi kwa mdogo wangu, nikae barazani nitazame wapita njia. Hapa sikai kuangaliwa."

Mama hana tabia ya kutisha watu. Akisema atakwenda, huenda. Nami namjua: mama yangu akikalishwa barazani bila kazi mkononi atanyauka mbele ya macho yetu, mpaka tuanze kuzungumza habari za msiba. Kwa hiyo safari ile nilikwenda Guangzhou na jambo moja kichwani, nalo ni mashine ya kupigilia vifungo inayookota kofia yenyewe, ambayo mtu akishakaa anaiendesha kwa mguu tu. Viatu vya soko la Zhanxi na madaftari ya mtaa wa Yide Lu nilivinunua kama kawaida, maana duka langu la Mombasa nalo lina tumbo lake, lakini nilivinunua huku akili iko Shiling.

Kontena letu, ambalo tunachangia wanawake kadhaa wa Mombasa na Nairobi, lilikuwa linafungwa Ijumaa. Siku ninayoisimulia ni Alhamisi. Mashine isiyoingia kontena lile ingengoja safari nyingine, na mama hangengoja. Alikwisha kuanza kukunja nguo.

Ilikuwa Januari. Watu wa kwetu hudhani Guangzhou haina baridi kwa kuwa haina theluji, na mimi huwaacha wadhani hivyo mpaka wafike wenyewe. Baridi ya kule ina unyevu, inakuingia mgongoni, na wenyeji hawana mazoea ya kupasha nyumba moto. Bosi hukaa dukani kwake na koti lake nene, mlango uko wazi, kikombe cha chai kiko mkononi, na wewe mteja unatetemeka huku unajidai huna habari.

Nilikuwa na mkalimani wangu, mwanamke wa Kitanzania kutoka Iringa anayesomea udaktari wa falsafa katika chuo kimoja cha hapo. Nimemzoea. Kichina chake ni kizuri kiasi kwamba wauzaji hugeuka kumtazama mdomo, na utani wetu hauishi. Yeye husema Kiswahili changu kimetiwa chumvi, mimi humwambia chake kimekaushwa juani. Tulikodi gari asubuhi. Ukifika Shiling hata ukiwa umefumba macho unajua umefika, kwa harufu ya ngozi na gundi.

Bosi wa duka lile alikuwa mwanamke wa makamo yangu, nywele fupi, na mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya kazi. Nikampenda papo hapo, ingawa sikumwonyesha. Alituondolea mashine kifuniko cha plastiki.

Nitaieleza, maana bila kuielewa hutaelewa ugomvi. Juu kuna bakuli la chuma la kumiminia kofia za vifungo, na ndani yake burashi inazunguka taratibu. Burashi inazisukuma kofia zielekee kwenye mianya iliyo ukingoni, na mwanya unakubali kofia iliyokaa sawa tu, iliyopinduka inarudishwa bakulini. Zilizokubaliwa zinateremka kwenye mfereji mwembamba wa chuma, moja nyuma ya nyingine, kwa uzito wake mwenyewe. Mwisho wa mfereji kuna ulimi mdogo unaochukua kofia moja na kuisukuma chini ya kichwa cha mashine. Ukikanyaga, kichwa kinashuka, kifungo kinaumana na ngozi juu ya fuawe, kile chuma cha chini, ulimi unarudi kuchukua kofia nyingine. Upande wa vikombe hivyo hivyo, kwa chini. Mtu hagusi kofia hata mara moja.

Bosi akamimina vifungo vyake, akakanyaga. Ta, ta, ta. Kipande cha ngozi kikajaa vifungo vilivyonyooka mstari mmoja. Akanitazama.

"Hao, pengyou? Nzuri, rafiki?" Maneno hayo ya mwisho aliyatamka kwa Kiswahili. Wamejifunza.

"Mwambie nzuri," nikamwambia mkalimani. "Sasa atoe vyake vyote, tutie vyangu."

Nikafungua kopo langu. Mama alinipa kopo lile mwenyewe siku ya kuondoka, kalifunga kwa kitambaa na mpira. "Hivi nimekwisha kuvitengeneza," alisema, nami nikadhani amevichagua, ametoa vibovu. Nyumbani tulikuwa na magunia ya vifungo kama hivyo, vilivyonunuliwa Shiling hiyo hiyo safari za nyuma, na mashine isiyokubali vifungo tulivyo navyo stoo haina faida kwetu.

Vichache vya mwanzo vilikwenda. Kisha bosi akakanyaga, kichwa kikashuka kikapiga hewa. Ngozi ikatoboka, kifungo hakuna. Akakanyaga tena, ikapiga hewa tena. Tukatazama mfereji. Kofia zilikuwa zimesimama katikati ya mteremko, zimeshikana, kama watu waliokutana njiani wakaanza kusalimiana. Nikazigusa kwa kidole zikateremka zote kwa pamoja, mbili zikaingia chini ya ulimi kwa mpigo mmoja, na mashine ikakwama kabisa.

"Bu xing," bosi akasema, haifai. Aliyasema hayo akiwa amelielekezea kidole kopo langu.

Hapo nilichemka. Nikamwambia mkalimani amweleze kwamba vifungo vile vimetoka mji huu huu, tena mtaa wa pili kutoka alipokaa, kwamba mimi nafungua na kufunga mashine tangu yeye hajafungua duka, na kwamba mfereji wake una kasoro ambayo anaijua na ananificha. Nilisema maneno mengi. Mkalimani akasema maneno mawili matatu ya Kichina, kwa sauti laini, na bosi akaitikia kwa kichwa.

"Umemwambia yote?"

"Nimemwambia ungependa kuichunguza mashine, dada."

"Na yale mengine?"

"Yale mengine tutamwambia kama itabidi."

Basi nikavua koti, nikaomba bisibisi.

Nina utaratibu wangu, na sijawahi kujuta kuufuata. Naanza pale kosa lilipoonekana, kisha napanda kuelekea lilikotoka. Tena nagusa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi anayelegeza skrubu hii, akakaza ile na kubadilisha springi kwa pamoja, hata mashine ikipona hatajua kilichoiponya, na kesho itaugua tena.

Nikaanza na ulimi. Je, unarudi mpaka mwisho? Unarudi. Springi yake ni ngumu, haijachoka. Nikaja pale mfereji unapokutana na ulimi, mahali ambapo mashine nyingi hukwamia, maana ukingo ukipanda kwa unene wa karatasi tu kofia itajikwaa. Nikapitisha ukucha. Laini. Nikafungua kifuniko cha mfereji nikatazama kama kinabana. Hakikubana. Nikachukua kofia moja yangu nikaipitisha peke yake kutoka juu mpaka chini, ikapita, ingawa niliona haina haraka. Bakulini, burashi ilikuwa nzima na mianya ilikuwa safi. Bosi akaleta kifaa chake cha kupimia unene, tukapima kofia zangu na zake, hii na hii, hii na hii. Zilikuwa sawa kabisa.

Nilifurahi kidogo kuona kwamba vipimo vyangu ni sahihi, mpaka bosi akafanya jambo ambalo ningelifanya mimi. Akatoa vifungo vyangu, akafuta bakuli na mfereji, akatia vyake. Ta, ta, ta, hakuna hata kimoja kilichokosa. Kisha akakunja mikono akaningoja. Mchezo wangu mwenyewe, nachezewa mimi.

"Sasa?" akauliza mkalimani.

"Sasa twende tukale," nikasema. "Hasira na njaa ni mambo mawili. Nitoe moja."

Karibu na pale kuna hoteli ya tambi ya Waislamu, wanazivuta kwa mikono mbele yako. Tulikula. Nilikuwa nikiona baraza ya Malindi. Nilimwona mama amekaa pale na mikono mapajani, anamwambia mama mdogo kwamba hajambo, yuko sawa. Naogopa vitu vichache maishani, lakini picha ile iliniogopesha, na sioni haya kusema hivyo. Mkalimani naye alikuwa amechukua kofia zangu kiganja kizima, akawa anazichezea mfukoni mwa koti lake huku akinitazama. Ni mazoea yake, mikono yake haitulii.

Tuliporudi, alizitoa mfukoni akazidondosha bakulini bila kufikiri, ili asije akaondoka na mali ya watu. Bosi akakanyaga, nadhani kwa mazoea tu. Ta, ta, ta, ta. Zikateremka zote. Kofia zangu! Zilishuka mfereji mzima bila kusita na kupigwa kila moja mahali pake.

Nikaruka. Nikachota nyingine kutoka kopo nikatia. Zikaganda katikati ya njia.

"Umezifanya nini zile?" nikamuuliza mkalimani.

"Sijazifanya kitu, dada. Zilikuwa mfukoni."

Nikatia mkono mfukoni mwake bila hata kuomba ruhusa. Ndani kulikuwa na joto la ajabu. Alikuwa na kile kipakiti cha kupasha mikono ambacho wanafunzi wa huko hununua wakati wa baridi, unakisugua kidogo kinatoa moto nusu ya siku. Kofia zangu zilikuwa zimelala juu yake tangu tulipotoka dukani, mpaka kitambaa cha mfuko kimelowa doa. Nikasimama pale na mkono wangu mfukoni mwa mtu, nikifikiri. Zikipata joto zinakwenda. Zikipoa zinagoma. Chuma ni kile kile, kipimo ni kile kile. Basi kinachobadilika si chuma. Ni kitu kilicho juu ya chuma.

Nikachukua karatasi nyeupe ya kufutia mikono, nikaipitisha ndani ya mfereji. Ilitoka na utando mweupe, mzito, kama mabaki ya mshumaa. Nikausugua kati ya vidole ukayeyuka. Nikaupeleka puani.

Mafuta ya nazi.

Huwezi kunidanganya kwa harufu ile. Ndiyo mafuta ya nywele zangu nikiwa mtoto, ndiyo mafuta ya kila kitu nyumbani kwetu. Pwani hewa ina chumvi na chumvi inakula chuma, basi sisi tunapaka: mkasi, bawaba, kisu cha kukatia ngozi, hata kufuli la mlango. Mama hana imani na mafuta ya dukani. Yake huyapika mwenyewe. Miezi ya kusi, hewa inapopoa, yanapoanza kuganda chupani huyaweka juani kidogo, yakawa maji tena, na mwaka uliobaki hayagandi kabisa. Kofia iliyopakwa mafuta hayo ingepita kwenye mfereji Mombasa, labda ingekusanya vumbi, labda ingesumbua baada ya mwezi. Shiling, Januari, mlango wa duka uko wazi, mafuta yamekuwa gundi.

Nikakumbuka asubuhi za wiki ile kabla ya safari. Mama amekaa uani na sahani ya bati, kitambaa na kikombe kidogo, amenipa mgongo. Nilipita nikienda na nikirudi, nikidhani anachagua. Kumbe alikuwa anapaka. Kopo zima, kofia moja baada ya nyingine, kwa vidole vile. Ili vifungo vyake vikifika Uchina vifike vizima, visimwaibishe mwanawe mbele ya watu.

Machozi yalinijia mbele ya bosi, jambo ambalo silifanyi mbele ya watu wa biashara. Nikageukia ukuta nikajidai nasoma bei za springi.

"Dada, nimwambie nini?" mkalimani akaninong'oneza. Alikuwa ameinusa karatasi, naye ameelewa.

"Mwambie vifungo vilikuwa na uchafu kidogo. Aniazime beseni na maji ya moto."

Bosi alikuwa na birika la chai ambalo halikupoa siku nzima. Tukaviosha vifungo kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, tukavisuuza, tukavitandaza juu ya kitambaa, bosi akavikausha kwa ile mashine ya kupuliza hewa moto wanayolainishia gundi. Mfereji niliusafisha mwenyewe kwa spiriti na utepe wa pamba, kuanzia bakulini mpaka kwenye ulimi. Kisha tukatia kopo zima.

Sikuridhika na safu ya kwanza. Mimi si mtu wa kuridhika na safu ya kwanza. Nilimwambia akanyage polepole, kisha haraka, kisha asimamishe katikati na kuanza tena. Niliigongagonga meza. Nilikaa mwenyewe nikakanyaga kwa mguu wa kushoto, nikakanyaga kama mtu aliyechoka, nikakanyaga kama mtu mwenye hasira. Haikupiga hewa hata mara moja. Kopo likaisha, ngozi imejaa vifungo kama magamba.

"Hao," nikasema. Na mashine ikawa yangu.

Nilimpigia mama pale pale dukani, kwa video. Kama kawaida yake, niliona kipaji cha uso na ncha ya mtandio tu.

"Imekataa?" akauliza kabla sijamwamkia.

"Haijakataa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona basi wanipigia na uso huo?"

Nilikuwa nimepanga kumzunguka. Ningesema ni vumbi la safari. Lakini yale magunia yako stoo kwake, na angeendelea kupaka, na mashine ingegoma mbele yake nami siko, angedhani ni mikono yake.

"Vifungo vilikuwa na mafuta, mama. Huku kuna baridi, yameganda. Yakazuia njia."

Kipaji cha uso hakikutikisika.

"Nilipaka visile kutu," akasema. "Kimoja kimoja."

"Najua."

"Ile mikoba iliyorudishwa na madoa ya kutu, wakumbuka?"

"Nakumbuka, mama."

"Huyo mwenye mashine, umemwambia ni mimi?"

"Sikumwambia. Nimesema ni uchafu."

"Uchafu!" Sasa simu ilishuka nikamwona uso mzima, na macho yamewaka. "Wamwambia mtu baki kwamba karakana yangu ina uchafu? Mwambie ni mama yako. Mwambie ni mafuta mazuri, yamepikwa nyumbani, hayana kasoro. Mwambie sasa hivi, nasikia."

Mkalimani akatafsiri, na safari hii alitafsiri kila neno, niliona kwa urefu wa maneno yake. Bosi akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasogea kwenye simu akasema kitu, akionyesha kwa mikono kama mtu anayefuta kisu.

"Anasema mama yake naye anapaka mafuta ya karanga," mkalimani akamwambia mama. "Visu, mikasi, kila kitu. Anasema ameshamgombeza mpaka amechoka."

"Asimgombeze," mama akasema. Kisha, kwa sauti nyingine: "Nionyeshe."

Nikaielekeza simu kwenye mashine. Bosi akakanyaga taratibu, ili mama aone: kofia zinazunguka bakulini, zinashuka, zinapigwa, nyingine inashuka. Nilipoirudisha simu kwangu, mama hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa bado anatazama ile mashine ambayo haikuwepo tena kwenye kioo, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka mbele ya kifua. Vidole viwili vilikuwa vinabana na kuachia, vinabana na kuachia, vinaokota vifungo hewani.

"Yaokota yenyewe," akasema.

"Yenyewe, mama."

"Na mimi hapo nitafanya nini?"

Hilo ndilo swali nililosafiri nalo kutoka Mombasa. Nilikuwa na jibu la mguu, nilikuwa nimeliandaa vizuri: utakaa, utakanyaga, utaongoza mkoba kwa viganja, vidole vitapumzika. Lakini nilipomwona vile nilijua jibu la mguu halitoshi. Mtu aliyekuwa mwenye kazi humwambii njoo ukanyage. Na jibu jingine lilikuwa mbele yangu juu ya meza, ndani ya beseni, bado linatoa mvuke.

"Utakanyaga," nikamwambia. "Lakini kabla ya hapo kuna kazi. Yale magunia yote yaoshwe. Kila kofia inayoingia bakulini iwe imeoshwa kwa maji ya moto na sabuni, imekaushwa, haina hata alama ya mkono wenye mafuta. Ikipita moja chafu, mashine inagoma na ngozi ya mtu inatoboka. Mimi sina subira ya kazi hiyo, wanijua. Na fundi nitakayemweka ataosha juu juu tu."

Akafikiri.

"Maji ya moto?"

"Ya moto. Ya vuguvugu hayatoi mafuta."

"Asubuhi maji ya moto huvilegeza hivi vidole."

"Najua, mama."

Akaitazama mikono yake, pande zote mbili, kama mtu anayekagua kitu kabla ya kukinunua.

"Basi ilete," akasema, akakata simu bila kuaga.

Ijumaa mashine iliingia kontena, nimeifunga mwenyewe kwa blanketi na kamba, wapakiaji wakilalamika kwamba nawachelewesha. Waliendelea kulalamika nami nikaendelea kufunga.

Malindi hakwenda. Mama mdogo hupiga simu kuuliza ile ziara iliishia wapi, na mama humjibu kwamba ana kazi. Kila asubuhi kuna beseni uani, na shuka jeupe limetandazwa, na vifungo vimekaa juani vinakauka. Mafuta yake ya nazi yamehamishiwa jikoni na kwenye mikasi, hayavuki mlango wa karakana. Mashine imesimama pale benchi lilipokuwa, na bakuli lake lina mfuniko aliouwekea mwenyewe, wa kitambaa, unaofungwa kwa kamba.

Juzi nilikuwa na haraka ya oda ya mikoba ya shule. Bakuli lilikuwa linaishia, mama yuko upande wa pili anasuuza, basi nikafungua mfuniko nikachota vifungo nitie.

"Umenawa?" akauliza bila kugeuka.

"Nimenawa, mama."

"Njoo nione."

Mimi ni mwanamke mzima, nina watu ninaowaajiri, na watatu kati yao walikuwa pale wanatazama. Nikaenda, nikanyoosha mikono yote miwili. Alivikamata viganja vyangu kwa mikono yake yenye joto la maji, akavigeuza, akaviinamia akavinusa.

"Hii ni bajia," akasema. "Rudi ukanawe."

Nikarudi nikanawa.